Ukifika kwa Mbulugamu, Nipigie

Kwetu Eldoret hatumwelekezi mtu mlangoni. Nianze hapo, maana hasira yangu yote ilianzia hapo. Mgeni akikuuliza unakaa wapi, unamtajia mahali anapoweza kusimama bila kugongwa na pikipiki, kisha unamwambia, "Ukifika pale, nipigie, nikuje nikuchukue." Basi, kazi yake imekwisha. Hayo mengine ni yako wewe mwenye nyumba. Unavaa ndara, unatoka, unamkuta amesimama akiangaza macho huku na huku, mnasalimiana, mnarudi pamoja mkiulizana habari za nyumbani. Mtu anayekuja moja kwa moja mpaka mlangoni bila kuchukuliwa ni askari, au ni mtu aliyeleta habari ya kifo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona magauni ya arusi na yale ya siku ya kuposa, yenye shanga kifuani na kwenye mikono, na wateja wangu hutoka mjini, Turbo, na huko juu kwenye mashamba ya ngano. Karakana yangu ilikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa West Indies, chumba cha nyuma ambacho Mama alikijenga baada ya kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kufungwa. Mama alitoka kiwandani na mikono yake tu na kiburi chake, akanunua cherehani, akaanza. Mimi nilimkuta kazini nikaingia.

Sasa, kufika kwetu si mchezo. Unaacha barabara, unaingia kichochoro, unakata kona, unapita nyuma ya kanisa la mabati, unakata kona nyingine, halafu kuna geti lisilo na namba linalofanana na mageti mengine yote. Kwa hiyo Mama alikuwa akiwaambia wateja, nami nikaendelea kuwaambia: "Shuka kwa Mbulugamu, nipigie." Hapo steji, matatu zinaposhushia watu, palikuwa na mkalitusi mkubwa, ule tunaouita mbulugamu. Nasema palikuwa, kwa sababu ulikatwa barabara ilipopanuliwa, na hata kisiki kiling'olewa. Lakini jina lilibaki. Kuna watoto waliozaliwa mti haupo na wanapaita kwa Mbulugamu bila kujiuliza mbulugamu wenyewe uko wapi.

Kuna jambo ambalo wateja hawakulijua. Ile safari fupi ya kutoka steji mpaka nyumbani ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mama alinifundisha nimtangulize mteja hatua kidogo, nimwangalie. Huyu bega moja liko chini kwa sababu ya kubeba mtoto upande mmoja. Huyu anatembea kama anayepanda mlima hata mahali tambarare, basi gauni lake lisibane mapaja. Huyu ana tumbo. Akishafika ndani na kuona kioo na futi mkononi mwangu, anavuta pumzi, tumbo linapotea, mabega yananyooka, unampima mtu mwingine kabisa. Njiani hakumbuki kujificha. Anakuambia habari za mama mkwe wake huku mwili wake unasema ukweli. Magauni yangu yalikaa vizuri kwa sababu hiyo, na watu wakadhani nina kipaji.

Halafu Mama akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mkono ukalegea, mguu ukawa wa kuburutwa. Ulimi, tunashukuru, haukuguswa. Tulihamishia kitanda chake kwenye chumba kinachopakana na karakana, ukuta ni wa mbao tu, na hivyo nikaweza kushona na kumwangalia kwa wakati mmoja. Yeye alikuwa akisikiliza mashine. Nikinyamaza sana anagonga ukuta kwa fimbo yake. "Mbona umetulia? Umelala?" Nikikimbiza mashine anagonga tena. "Hiyo ni satini. Pole pole." Nilikuwa nakereka, sitadanganya, mtu mzima kuchungwa na fimbo. Lakini yeye alikuwa kazini kupitia ule ukuta, na mimi nilijua hivyo. Chumba kile kikifungwa, Mama angebaki na dari ya kuangalia.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeleta mambo ya ramani. Anafundisha kompyuta chuoni, hapa hapa mjini, na ana ile tabia ya walimu ya kukuhurumia kabla hujafeli. "Dada, kama hauko kwa ramani, haupo," aliniambia. Ramani yenyewe sina haja ya kuitaja. Iko kwenye simu yako sasa hivi, ilikuja nayo kutoka dukani, hukuiomba. Alinianzishia kila kitu: picha za magauni, namba yangu, saa za kazi. Halafu akaangalia saa, akasema amechelewa darasani. "Imebaki kuweka mahali pa biashara tu. Weka kale kapini kekundu pale wateja watakupata, ubonyeze. Hata Mama anaweza."

Wateja walinipata wapi? Nilivaa ndara zangu, nikatembea mpaka kwa Mbulugamu, nikasimama pale pale ninapowachukulia kila siku, nikabonyeza. Na mpaka leo hii ukiniuliza kosa langu liko wapi, silioni. Hapo ndipo watu hunipata. Tangu siku za Mama, hakuna mteja aliyewahi kunipata mahali pengine. Kama hiyo ramani ilitaka mlango wangu wa nyuma ingesema inataka mlango wa nyuma.

Mwanzoni mambo yalikuwa sawa, simu zililia, wapya walikuja. Kisha simu zikaanza kupungua, na mimi nikadhani ni msimu, mahindi hayajauzwa, watu hawaoi. Kumbe watu walikuwa wakija. Walikuwa wakija kila siku! Walifuata ramani, ramani ikawaambia wamefika, wakainua macho wakaona barabara, mama wa mahindi ya kuchoma na maduka mawili ambayo si yangu. Zamani mtu akifika hapo angepiga simu. Hawa hawapigi. Wameambiwa wamefika, na aliyefika anampigia nani? Waligeuka wakaenda zao wakiwa na hasira, na wengine hasira wakaiandika kwenye ramani, chini ya jina langu. "Nimefika, hakuna kitu hapa. Matapeli." Nyota moja.

Nilisoma maneno hayo nikiwa na mkasi mkononi na lesi ya mtu juu ya meza. Matapeli! Mimi, mtoto wa mama yule! Nilikata lesi vibaya siku hiyo, ikabidi niende mjini kutafuta nyingine, na nikawa natembea nikizungumza peke yangu barabarani kama mtu aliyeibiwa.

Nikarudi kupitia steji, ndipo nikamwona. Kijana mmoja wa mtaa wa Huruma, fundi, ameweka cherehani chini ya paa la duka, ametundika gauni la arusi kwenye kikulabu. Gauni baya, kola imekunjamana. Nilisimama mbele yake.

"Umeanza lini hapa?"

"Juzi juzi, mathe. Nilikuwa napita, nikaona watu wanasimama hapa na simu wanauliza fundi wa magauni. Kila siku. Nikajiambia, kwani mimi ni fundi wa nini?"

"Wananitafuta mimi!"

"Wanatafuta fundi, mathe. Mimi ni fundi. Ulitaka niwaambie nini?"

Nilitaka kumpiga na ile lesi. Na kibaya zaidi, alikuwa na heshima, alinisogezea kiti nikae. Sikukaa. Nilikuwa sikai popote siku hizo. Nilikuwa nashona mshono mmoja, nachukua simu, naangalia nyota, naweka, nashona, nachukua tena. Niliacha pasi juu ya mkono wa gauni kwa sababu nilikuwa nasoma mtu ameandika nini. Fimbo ya Mama ikagonga ukuta. "Kuna kitu kinaungua huko. Na si chakula."

Ndugu yangu akaja kurekebisha. Alisogeza ile pini kutoka steji mpaka nyumbani, akatuma kwa kampuni yenye ramani. Ikarudi jibu kwamba mabadiliko hayakuweza kuthibitishwa. Akatuma picha za geti. Jibu likawa lile lile. Nikawaomba wateja wangu wa zamani nao watume, wakatuma, na wapi.

"Tatizo ni nini?" nikamuuliza. "Mimi ndiye mwenye biashara. Mimi ndiye ninayejua ninakokaa."

"Nafikiri inaangalia watu, dada. Watu wote wanaokutafuta, simu zao zinaishia pale steji, hakuna simu hata moja inayofika hapa nyumbani peke yake. Sasa wewe mmoja unasema hapa, wao wote wanasema pale."

"Wanasema pale kwa sababu ramani imewapeleka pale!"

"Ehe."

"Sasa hiyo ni akili?"

Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alinieleza kwa upole wake ule wa darasani kwamba watu hufikiri kampuni kama hizo zinatawala kwa sababu zina akili nyingi kuliko wengine. Pengine zinazo. Lakini nguvu yao hasa ni kwamba sisi wenyewe tunawafanyia kazi bila kujua. Boda akipita kichochoroni na simu mfukoni, anawachorea njia. Mtu akikasirika na kuniandikia nyota moja, amewaongezea neno. Hata mimi nilipokuwa naenda kumchukua mteja steji na simu yangu mkononi, nilikuwa nawathibitishia kwamba steji ndipo mahali penyewe. Tulivyozidi kuitumia ilizidi kujua, na ilivyozidi kujua ndivyo hakuna aliyeona sababu ya kujaribu nyingine.

"Ofisi yao iko wapi?" nikamuuliza.

"Ya nini?"

"Nikapige kelele."

Sikuwa natania. Hapa kwetu, stima ikikatwa kimakosa unaenda ofisini kwao, unakaa kwenye benchi, unakaa tu, mpaka wachoke na sura yako. Maji, vivyo hivyo. Kuna karani mmoja wa ardhi ambaye Mama alimkalia kwenye benchi mpaka akaamua mwenyewe kuitafuta faili. Nina subira ya benchi, nimeirithi. Lakini hawa, benchi lao liko wapi?

Ila ndugu yangu alirudi siku nyingine na jambo. Wanafunzi wake walikuwa wametengeneza ramani yao, ya Eldoret tu. Alinionyesha, na nakwambia, moyo wangu ulifurahi. Ilikuwa na kila kitu! Ilikuwa na kwa Mbulugamu, na mti umechorwa, ingawa haupo. Ilikuwa na kanisa la mabati, kile kichochoro, kona zote mbili, geti letu. Ilijua njia inayojaa maji mvua ikinyesha. Hakuna mzungu wala nani angeweza kuchora kitu kama kile. Nikamkimbilia Mama na simu, nikamwonyesha, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Hata huo mti wameupatia."

Nikaanza kuhubiri. Kila mteja niliyemkumbuka nilimpigia: weka hii ramani, tupa ile. Wakanijibu, "Mama, simu yangu imejaa." "Mama, nitaweka jioni." Mmoja aliweka kweli, dada mmoja mwalimu wa Turbo aliyekuwa anaolewa. Baada ya siku chache nikamuuliza, akasema ameitoa. Alitafuta saluni yake, haimo. Alitafuta kanisa la arusi, halimo. Alikuwa na arusi ya kupanga, na wageni wanaotoka Nakuru na Kitale, wote wanatumia ile nyingine. "Ni nzuri sana, Mama," akaniambia, "lakini niko ndani peke yangu."

Nikampelekea ndugu yangu maneno hayo. Akasema watu wakiingia itakuwa nzuri.

"Na wataingia lini?"

"Ikishakuwa nzuri."

"Sasa nani anaanza?"

Wale wanafunzi walipomaliza chuo waliajiriwa huku na huko, na ile ramani ikabaki na mti wake uliochorwa, na mimi, na geti letu.

Kuna mzee mmoja wa Kisomali mjini ninayenunua kwake lesi na satini. Baba yake aliuzia Mama kitambaa, yeye ananiuzia mimi, na hunisengenya mbele yangu kwamba Mama alikuwa mkali zaidi kwenye bei. Nilimwendea nikiwa na mori. Nilimwagia yote, nyota, yule kijana, ramani ya wanafunzi, huku yeye anapima kitambaa kwa mkono wake kana kwamba hasikii.

"Kwa nini unanunua kwangu?" akaniuliza.

"Si kwa sababu uko hapa."

"Kuna mtu amefungua duka la vitambaa kule barabara ya Turbo. Duka kubwa, kuna nafasi ya gari, bei yake afadhali. Umeenda?"

"Kule ni duka moja tu, mzee. Nikikosa rangi nifanye nini? Nirudi tena mjini? Hapa nikikosa kwako navuka barabara."

"Kwa hivyo unanunua kwangu kwa sababu ya maduka ya watu wengine." Akacheka mpaka miwani ikateremka. "Mimi hii barabara nimeichukia, wallahi. Hakuna pa kuegesha gari, vumbi, kelele, mwenye nyumba hana huruma. Kila mwaka nasema nahama. Lakini nikihama niende wapi? Wewe utanifuata?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mama amenunua kwao, mimi nimenunua kwao. Nikaangalia ule mtaa, duka baada ya duka, vitambaa vimening'inia mpaka nje.

"Sitakufuata," nikasema.

"Hata mimi nisingekufuata. Si ubaya. Sasa hiyo kampuni yako, mama, imefanya dunia yote kuwa barabara moja, na yenyewe ndiyo mwenye nyumba." Akakunja satini, akaifunga. "Hamia pale wanapokutafuta. Ukipigana nao utazeeka, na pini itakuwa pale pale."

Nilimchukia siku hiyo, kwa sababu nilijua nitafanya hivyo.

Pale steji, jirani na yule kijana, kulikuwa na chumba kimeachwa na muuza vifuniko vya simu. Nilikizunguka wiki nzima. Naenda, nachungulia, narudi, nashona kidogo, naenda tena. Mama alikuwa anasikia geti likifunguka na kufungwa. Mwishowe nikaketi ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia.

"Na nani atawachukua wateja?" akauliza.

"Hawatahitaji kuchukuliwa, Mama. Simu inawaleta."

"Inawaleta mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nimekaa nawangoja."

Akageuza uso ukutani, ule ukuta wa mbao. Hakulia, hakulalamika, na afadhali angelalamika. Nilijisikia vibaya, halafu nikakasirika kwa sababu nilijisikia vibaya, nikaanza kumweleza kwa sauti ya juu mambo ya wateja na nyota kana kwamba yeye ndiye aliyeniandikia. Nilitafuta mama mmoja wa jirani awe anakaa naye mchana. Kisha tukapakia cherehani, meza na kioo kwenye mkokoteni, tukaenda.

Na wateja wakaja. Ndiyo, walikuja. Mlango unafunguliwa, mtu huyu hapa, simu mkononi, anatabasamu kwa sababu imemleta sawasawa. Nyota zikaanza kupanda. "Rahisi kupata," wakaandika. Ile pini haikusogea hata kidogo. Waliyemsogeza ni mimi. Ndugu yangu akapita siku moja akitoka chuoni, akasimama mlangoni, akasema, "Umeona sasa?" Nilimwambia aondoke kabla sijamrushia pasi.

Kwa sababu kuna mambo ambayo nyota hazikusema. Watu walikuwa wanaingia dukani tayari wamevuta pumzi. Sikuwaona wakitembea. Napima kifua, napima kiuno, naandika, nashona, na gauni linarudi. Linabana hapa, limening'inia pale. Sijawahi kurudishiwa nguo namna ile tangu nikiwa mwanafunzi wa Mama. Nikaanza kuwaambia watembee kidogo ndani ya chumba, wakatembea kama wanajeshi, wananitazama. Yule kijana jirani, ambaye sasa tulikuwa tunasalimiana, alinishauri nitumie vitambaa vinavyovutika.

Nami sikutulia. Chumba kilikuwa na kelele za honi na wapiga debe, lakini kwangu kilikuwa kimya. Nashona satini naharakisha, hakuna anayegonga. Naacha kushona, natega sikio. Jioni nikirudi, yule mama wa jirani ananiambia Mama amekula, ameoga, hakusumbua. Hazungumzi sana. Ila kila siku anauliza swali moja.

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama mashine imeharibika."

Nilikuwa namweleza kila jioni. "Nimehamia steji, Mama." Anajibu, "Najua." Kesho yake anauliza tena. Sikujua kama ni kusahau au ni kunichokoza, maana kwa Mama yote mawili yaliwezekana, na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Asubuhi moja, jua limewaka baada ya mvua ya usiku, nilikuwa na bi arusi dukani pamoja na shangazi zake, wamejaa kila mahali, nimeshika futi kiunoni mwa msichana. Simu ikalia. Ni Mama. Tangu alipougua hakuwa amenipigia hata mara moja. Futi ikaniponyoka.

"Mama? Kuna nini?"

"Nimefika kwa Mbulugamu," akasema. "Kuja unichukue."

Nilisikia sauti yake mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja kupitia mlangoni. Nikainua macho. Alikuwa pale nje, ng'ambo kidogo ya mtaro, pale pale ulipokuwa mti. Amevaa sweta juu ya nguo ya kulalia, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ameegemea nguzo, fimbo ameibana kwapani, simu ameishika kwa ule mkono mzima. Amenipa mgongo. Yule kijana wa Huruma alikuwa ameacha cherehani yake, anamwonyesha kwa mkono, "Mathe, duka ni hili hapa, nyuma yako," naye Mama akampungia simu kama anayefukuza kuku.

"Nimeshampigia," akamwambia. "Anakuja."

Hatukujua kamwe alivyopita zile kona. Yule mama wa jirani alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, alikuta kitanda kitupu akaanza kupiga mayowe, lakini hayo niliyasikia baadaye. Wakati ule nilivuka mtaro bila kumuaga mtu. Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumbeba. Nilipofika mbele yake nikakuta amenitolea uso wa mgeni, ule uso tulioupokea maisha yetu yote, wa mtu aliyesimama steji akiangaza macho, na nikajua ninachotakiwa kusema.

"Karibu," nikasema. "Umefika salama?"

"Nimefika. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani ni wazima."

"Haya. Twende."

Hakugeuka kulitazama duka. Aligeukia kichochoro. Nikampa mkono, akaukataa, akashika fimbo yake, akatangulia. Basi nikawa nyuma yake kidogo, kama alivyonifundisha mwenyewe, na macho yangu yakafanya kazi yao bila kuniuliza. Bega la kulia lilikuwa limeanguka sana kuliko nilivyokumbuka. Ule mguu ulichora mstari kwenye matope. Sweta lilikuwa limening'inia kana kwamba liko kwenye kikulabu. Kila siku nilikuwa nikimwona amelala au ameketi, na aliyelala hapimiki. Tulipofika kwenye kanisa la mabati nilikuwa nimeshajua kipimo chake chote, mabega, kifua, urefu, na nilijua pia nguo ambayo nitamshonea kwa kipimo hicho, na kwamba siku ya kuivaa si mbali. Nilibaki nyuma nikilia kimya kimya ili asisikie.

"Mbona umetulia?" akauliza bila kugeuka. "Umelala?"

"Niko, Mama. Niko nyuma yako."

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa shangazi mmoja wa bi arusi, na alikuwa mkali.

"Mama, sasa umeenda wapi? Sisi tuko hapa dukani kwako, umetuacha na futi!"

"Hapo ni steji tu," nikamwambia. "Mimi nashonea nyumbani. Kaeni hapo hapo kwa Mbulugamu, nakuja kuwachukua."